Mwisho wa Kisima cha Evelina

Generosa alipopiga hodi, Silvano alikuwa amekaa barazani anamenya karanga, mgongo ameuegemeza ukutani na miguu ameinyoosha juani. Pembeni yake palikuwa na kigoda kitupu. Msichana alikitazama kile kigoda kama mtu anayetaka kukaa, akakutana na macho ya mwenye nyumba, akabaki amesimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kama umetumwa mchango, rudi tu. Nimechangia madawati, nimechangia choo cha shule, nimechangia ofisi ya kata mpaka vigae, na mimi mwenyewe mgeni akija hapa namkalisha kwenye kopo la rangi."

"Si mchango, baba. Nimefuata kitabu."

Silvano akaacha kumenya.

"Kitabu gani?"

"Kile alichokuwa nacho mama. Kisima cha Evelina. Kesho baraza linakaa, na Bwana Respicius anasema kitabu hicho hakijasemwa bado, na nakala ni hiyo hiyo moja. Aliyekileta anataka jibu."

"Respicius ndiye nani wa kudai vitu vya marehemu?"

"Alitaka nije mwezi uleule wa msiba, baba. Nilimkatalia." Akainamisha kichwa. "Ila sasa nimeshindwa kumzuia."

Silvano alimtazama. Hasira alikuwa nayo ya kutosha, lakini haikumpata huyu mtoto wa watu, mwanafunzi wa chuo aliyekuja na vumbi la Ihumwa limempanda hadi magotini. Akachukua karanga nyingine, akaibana kwa kidole gumba mpaka ganda likalia.

"Kesho nitakileta mwenyewe," alisema. "Na nitakisema mwenyewe."

"Baba?"

"Nenda kawaambie."

Basi msichana akaenda, na Silvano akabaki na lile alilolisema, akiliona kubwa kuliko mdomo uliolitoa.

Lile baraza lilikuwa la wasomaji. Lilianza pale wafanyakazi wa serikali walipohamia Dodoma na kujaa kila upande, wakaja na mizigo yao na tabia zao, mojawapo ikiwa kusoma hadithi mpya na kuzibishania. Kila Jumapili alasiri walikutana katika darasa la chekechea la kigango cha kanisa, watu wazima wamekalia viti vya watoto, magoti yamegusa videvu. Wauza vitabu wa mjini waliwapa nakala mojamoja ya kila kilichotoka: cha upelelezi, cha mapenzi, cha majini, cha mambo yajayo ya mitambo. Sheria ilikuwa moja. Aliyechukua kitabu lazima asimame akiseme mbele ya wenzake, kisha mikono inyooshwe: kiwekwe rafuni au kirudishwe kilikotoka. Wao wenyewe waliita rivyu. Silvano aliita kukisema kitabu, maana hata mtu husemwa.

Devota, mke wake, ndiye aliyekuwa mtu wa huko. Alizaliwa kijiji cha Busi, akasoma mpaka kidato cha nne, akaolewa na mchunga ng'ombe wa Kigogo aliyeishia darasa la nne kwa sababu mjomba wake alihitaji mchungaji kuliko taifa lilivyohitaji msomi. Silvano alijua kusoma majina ya dawa za mizabibu na vibao vya barabarani. Herufi aliyoifahamu kuliko zote ilikuwa X, ile nyekundu wanayoichora wakubwa kwenye nyumba za watu kabla ya kuzivunja. Hadithi alizijua kwa masikio. Devota alikaa kwenye kile kigoda alasiri, yeye akamenya karanga au akapepeta uwele, naye mke akasoma kwa sauti, akibadili sauti kwa kila mtu: mpelelezi akakoroma, jini akaongea puani, mchumba akalegeza maneno mpaka Silvano akacheka peke yake.

Wala hakuwa mtu wa kucheka. Wapima walikuja wakachomeka bikoni zao, vile vigingi vya mipaka, katikati ya mizabibu yake, wakasema hapa ni kiwanja cha fulani, na yule fulani hakuonekana mpaka leo. Mizabibu ikafa kwa ajili ya mtu asiye na sura. Alikwenda ofisini, akaambiwa mhusika yupo kikaoni. Alirudi, mhusika yupo safarini. Mara nyingine mhusika alikuwepo, akamwambia, "Mzee, hilo halipo mezani kwangu." Silvano alirudi nyumbani akakataa kula. Ndipo Devota alipokuwa akichukua kitabu na kusema, "Njoo basi, tukimalize hiki cha Inspekta Castory. Ule ugali utakuja wenyewe ukiona wivu."

Na mwisho wa hadithi zile ulikuwa unamtosha. Inspekta Castory alimfuata yule mkurugenzi mwizi hadi uwanja wa ndege akamtia pingu mbele ya wake zake wawili. Evodia, wa kile kitabu cha mapenzi, alishuka kwenye treni akiwa mzima, na mwanamume wake yuko palepale stesheni na mwavuli. Hata majini yalimwachia yule mtoto yaliyemteka. Silvano akishasikia hivyo, alinyanyuka akanawa mikono akala. Hakuamini kitu chochote kilichoandikwa na mtu mwenye muhuri, lakini haya aliyaamini, kwa sababu yalipita kwenye mdomo wa Devota.

Kitu kimoja aliwahi kukiona. Kila walipokaribia kurasa za mwisho, Devota alikilaza kitabu mapajani na kuendelea bila kukitazama. Macho yake yalikuwa kwa Silvano. Naye alijisemea kwamba ndivyo walivyo waliosoma: wakifika mwishoni, maneno yameshaingia kichwani yote, hawana haja tena ya karatasi. Akaona fahari kuoa kichwa kama kile.

Kisha ile Jumanne. Walikuwa wamefika pale Evelina, mwanamke wa miaka ijayo, anachimba kisima kwa siri katika nchi ambayo maji yote yana mita na wenye mita ndio wenye watu. Sururu yake ilikuwa imegonga mwamba. Devota akafunga kitabu, akachomeka unyoya wa kanga aliokuwa akiutumia kuweka alama. "Kesho nakumalizia," alisema. Kesho yake asubuhi alianguka jikoni. Zahanati ilikuwa na gari la wagonjwa, Silvano alikwishaliona likipita. Siku hiyo lilikuwa limepewa kazi ya kufuata msafara wa mkubwa aliyekuja kukagua, iwapo mkubwa atajisikia vibaya. Mkubwa hakujisikia vibaya. Devota alikata roho kwenye bajaji, kichwa kwenye paja la mumewe, wakiwa wamesimamishwa kando ya barabara kuupisha msafara uleule.

Tangu hapo Silvano alikitaka kitu kimoja tu duniani: kujua Evelina alifanyaje na ule mwamba. Hakumwambia mtu. Binti yao Penina, aliyeolewa Singida, alipopiga simu kuuliza anataka aletewe nini, alijibu, "Sina ninachotaka," na ilikuwa uongo. Alijaribu kusoma mwenyewe kuanzia ukurasa wa kwanza. Herufi zilikuwa ndogo kama chawa na zilimtoroka. Akafikiri: huko barazani wapo wanaosoma. Nitakisema nilichokisikia, kisha watanisomea kilichobaki. Hiyo si sadaka, ni haki ya aliyechukua kitabu.

Jumapili akavaa koti la harusi, akatembea.

"Mbukwa!" Mudrick alimsalimia Kigogo cha kuokota kutoka mlangoni. Mudrick alikuwa fundi simu, mzaliwa wa Tanga, kijana mwenye maneno mengi aliyesoma vitabu vya majini tu na kusema ni vya kwao. "Leo tumepata mzee wa kiti. Baba, chagua kiti. Chekundu ni cha wasiolia wakiachwa na mama zao."

Watu wakacheka. Silvano akachukua cha bluu.

Bwana Respicius, mtu wa wizara, mrefu, mwenye kalamu mfukoni hata Jumapili, akasimama akampa mkono kwa mikono miwili. "Mzee wetu, pole sana tena. Mama Penina alikuwa nguzo hapa. Kwa uchambuzi, hakuna aliyemfikia."

"Gari la wagonjwa ndilo halikumfikia," Silvano alisema.

Bwana Respicius akakohoa. "Ni kweli, mzee. Changamoto zipo, zinafanyiwa kazi."

"Zinafanyiwa kazi. Nyie kila kitu mnakifanyia kazi, ila hakuna kinachofanyika."

"Aisee, huyu ndiye mume wa Mama Penina kweli," Mudrick alinong'ona kwa sauti ya kusikika na wote. "Ulimi mmoja!"

Wakampa nafasi. Silvano akasimama, kitabu kifuani, koti limembana kwapani. Akaeleza hadithi ya Evelina tangu mwanzo: mita za maji zinazoongea, watoto wanaofundishwa kuhesabu matone, mama anayechimba nyuma ya zizi huku mbuzi wakiangalia. Alieleza vizuri. Alijishangaa, sauti za Devota zilimtoka mwenyewe, mita ikaongea puani, mlinzi akakoroma, na wale watu kwenye viti vya watoto wakamsogelea bila kujua. Hata Bwana Respicius aliacha kuitazama simu yake.

"Nilipoishia ni kwenye mwamba," alisema. "Mke wangu hakuwahi kunimalizia. Lakini nawaambia mapema, ni kitabu kizuri, na atapasua. Maji yatatoka. Naujua utaratibu wa vitabu hivi."

"Utaratibu upi, mzee?" Bwana Respicius aliuliza kwa upole.

"Wa mwisho. Mwishoni mnyonge anapata chake. Kama yule Inspekta Castory, alivyomtia pingu mkurugenzi uwanja wa ndege."

Mudrick akapiga paja. "Baba! Nani alitiwa pingu? Castory ndiye aliyefungwa! Mkurugenzi alipanda ndege, akarudi akawa waziri. Mimi nilikisoma baada ya mama, nikakitupa chini ya kitanda siku nzima kwa hasira."

"Umesoma kingine."

"Nimesoma hichohicho, chenye jalada la kijani, mama alikimwagia chai."

Silvano aliikumbuka ile chai. Aliimwaga yeye mwenyewe.

"Na Evodia," alisema taratibu, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja. "Wa treni. Alishuka. Bwana yake alikuwa na mwavuli."

Hakuna aliyecheka tena. Walikuwa wanatazamana. Bwana Respicius ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini ambayo Silvano hakuijua kwa watu wa ofisini. "Mzee, Evodia hafiki stesheni akiwa hai. Yule bwana anakwenda na mwavuli, anakuta jeneza."

"Na mtoto wa majini?"

Mudrick akatazama sakafu. "Walimchukua, baba."

Silvano alibaki amesimama. Aliona kigoda, aliona kitabu kimelala mapajani, aliona yale macho yakimtazama yeye badala ya karatasi. Yale maneno hayakuwa kichwani kwa sababu ya kusoma sana. Hayakuwahi kuwa kwenye karatasi.

Kwanza ilimpanda hasira. Maisha yake yote watu walimwambia yasiyokuwepo kwa nyuso nzuri: fidia inakuja, jina lako lipo, gari liko njiani. Alikuwa amebakiza mdomo mmoja wa kuuamini.

"Kwa hiyo alikuwa ananidanganya," alisema. "Kama nyie."

"Baba, hapana," Generosa alisema. "Mama hakuwa mtu wa uongo. Hapa alikuwa mkali kuliko wote. Kile cha Castory, Bwana Respicius alitaka kirudishwe, akasema mwisho wake unakatisha watu tamaa. Mama ndiye aliyekitetea."

"Alisemaje?"

Msichana akasita.

"Sema, mwanangu. Nimeshavaa koti."

"Alisema, mwandishi huyu amesema kweli, wakubwa hawafungwi wala hawatafungwa, na akija kuubadili huu mwisho mimi nitakuwa wa kwanza kukirudisha. Na kile cha Evodia alisema vilevile. Vyote alivisifia kwa hilo. Tulikuwa tunamtania, tunamwita Mama Hakuna Tumaini."

Watu wengine wakatabasamu kwa kumbukumbu. Silvano hakutabasamu. Kwa miaka yote aliyoishi naye alidhani nyumba ile ina mtu mmoja aliyekata tamaa na mmoja anayemshikilia. Alimwegemea kwa uzito wake wote. Kumbe naye alikuwa anaona kilekile, alasiri ileile, na hakuwa na mtu wa kumbadilishia mwisho. Alikuwa anakuja huku kwenye viti vya watoto kuusema ukweli wake, kisha anarudi nyumbani kupika ugali na uongo.

"Nisomee," alimwambia Generosa, akampa kitabu. "Kilichobaki."

Msichana akakifungua penye unyoya, akakunja uso. "Alama iko ukurasa wa mwisho kabisa, baba. Mama alikimaliza."

"Alikimaliza lini? Tuliishia kwenye mwamba."

"Alisoma mwenyewe, nafikiri. Kabla yako."

Naam. Lazima asome kwanza peke yake, ajue kilichopo, ndipo atafute cha kuweka badala yake. Ile Jumanne aliposema kesho nakumalizia, alikuwa nao tayari. Mwisho wa Evelina ulikuwa umekamilika ndani ya kile kichwa, umeoshwa na kupambwa, na ndio uliolala pajani mwa Silvano kando ya barabara wakati magari meusi yakipita.

Generosa akasoma. Alisoma vizuri, kwa sauti moja, ya shule. Evelina alipasua mwamba. Maji yalitoka, na Silvano akashika ukingo wa meza. Kesho yake wenye mita wakaja na utepe na matarumbeta, wakakizindua kisima, wakamsifu mwananchi mzalendo bila kumtaja jina, wakaweka mita na kufuli. Evelina akapanga foleni kwenye kisima chake na ndoo mkononi. Zamu yake ilipofika, mlinzi akamwambia muda umekwisha. Hapo kitabu kikaisha.

"Ndiyo hivyo?" Silvano aliuliza.

"Ndiyo hivyo, baba."

Bwana Respicius akatoa kitambaa akafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. "Mzee Silvano, wewe ndiye msemaji wa kitabu. Utaratibu wetu, unaanza wewe. Kiwekwe, au kirudishwe?"

Akafikiri kuwaambia wakirudishe, wakichome, wamtafute aliyekiandika wamwonyeshe bikoni zilizo kwenye mizabibu yake, aone kama kuna mtu huku anahitaji kuambiwa. Lakini aliyekichukua kitabu hakuwa yeye. Alikuwa Devota, na Devota alikuwa na msimamo wake, ambao ameusikia leo.

"Kimesema kweli," alisema. "Kiwekeni."

Mikono ikanyooka yote. Generosa akauchomoa ule unyoya akampa. Mudrick akamsindikiza hadi njiani, akataka kusema mzaha, akaukosa. "Baba, Jumapili ijayo njoo basi. Una sauti ya kusimulia, wallahi. Tutakusomea, wewe unasema."

"Nije kusikia nini?" Silvano alimuuliza, akaendelea kutembea.

Kesho yake alasiri alikaa barazani na karanga zake. Jua lilikuwa palepale. Aliuchomeka unyoya kwenye ufa wa kigoda, akatazama kushoto na kulia kuhakikisha hakuna jirani, akaanza kwa sauti.

"Evelina akainua sururu. Mwamba ukapasuka. Maji yakatoka, yakajaa, yakafika kwa mbuzi, mbuzi wakanywa. Watu wakaja na ndoo. Evelina akawaambia..."

Akamenya karanga mbili tatu, akisubiri Evelina aseme. Vumbi lilikuwa linainuka upande wa barabara. Hapo Ihumwa huinuka kila mara, malori ya kokoto. Lakini mdomo wake ulishaligeuza msafara.

"Akawaambia, tulieni. Na magari yakaja," alisema. Akarudi nyuma. "Evelina akainua sururu. Mwamba ukapasuka. Usiku watu wakachota, wakafukia juu kwa majani, hakuna aliyejua. Hakuna aliyejua mpaka asubuhi, jirani mmoja akaenda ofisini..."

Akarudi tena nyuma. Alijaribu kumpa Evelina ndugu mwenye cheo, na yule ndugu akamsaliti. Alijaribu kuwamaliza wenye mita kwa ugonjwa, wakaja wengine na muhuri mpya. Alijaribu ile ya Inspekta Castory na pingu, akamsikia Mudrick akipiga paja. Kila alipoanzia, kufuli liliingia. Devota aliwezaje? Alimpitishia wapi yule mwanamke maji yake, na yeye alijua kama anavyojua Silvano?

Karanga zikaisha kwenye ungo. Ugali wa asubuhi ulikuwa jikoni, umefunikwa, umekauka pembeni. Hakunyanyuka kunawa mikono.